Radhi na Ridhaa: Sauti ya Mgonjwa katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika kisiwa cha Pate, umezoeleka kusomwa kama mafundisho ya unyumba. Wahakiki wamebishana juu ya hayo: baadhi wanaona humo utiifu mtupu, wengine wanasikia kejeli ya mwanamke mwerevu. Pande zote mbili hupita haraka juu ya hali ya mtunzi anaposema. Yeye ni mgonjwa. Katika beti za mwanzo anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamwita bintiye akae karibu naye, na wino na karatasi.

Hali hiyo si pambo. Mwili umelegea, lakini neno bado ni la mgonjwa: ndiye anayeita, ndiye anayepanga usemi, na aliye mzima kazi yake ni kusikiliza. Utendi hauzungumzii uamuzi wa tiba, lakini unaweka kanuni inayouhusu: wosia hauanzi kwa jamaa walio mlangoni, bali huanza kitandani.

Hata hivyo, utendi huo huo unaleta mashaka. Msingi wa mafundisho yake ni radhi tano ambazo binti anaambiwa azitafute: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Neno hilo lina asili moja ya Kiarabu na ridhaa, ambalo Kiswahili cha leo hulitumia kwa kibali cha mgonjwa. Lakini mwelekeo wake ni mwingine: radhi hutafutwa kwa watu, ridhaa hutoka kwa mtu mwenyewe. Aliyefundishwa maisha yote kutafuta radhi atatoa ridhaa ya namna gani siku ya mwisho?

Swali hili si la Pate peke yake. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2002, inayomruhusu daktari kukatisha uhai wa mgonjwa kwa masharti, inadai ombi liwe la hiari, lililofikiriwa na kurudiwa, wala lisitokane na shinikizo la nje. Utendi unaonyesha shinikizo la ndani, ambalo shahidi halioni. Katika hospitali za Lubumbashi, ambako kwa kawaida jamaa ndio wanaolipa dawa na kuleta chakula, mgonjwa akisema "munirudishe nyumbani", huenda anataja matakwa yake. Huenda pia anawahurumia wanaolipa. Maneno ni yale yale.

Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa na cheo na elimu ya kuagiza wino. Mgonjwa asiye navyo anahitaji mtu wa kukaa karibu naye na kumwuliza mara ya pili, jamaa wakiwa wametoka. Utendi ukisomwa hivyo, somo lake halimhusu tena binti peke yake. Linamhusu kila anayeshika kalamu kando ya kitanda.