Mama Aliyeachwa Nje ya Michoro

When Stars Are Scattered, riwaya ya katuni ya Omar Mohamed na Victoria Jamieson iliyotoka mwaka 2020, ina kosa moja, na limeangukia mahali pabaya kuliko pote: mama haonani na wanawe ndani ya michoro. Tangu mwanzo Omar na mdogo wake Hassan wako katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, bila wazazi, baba kauawa Somalia, mama hajulikani aliko. Hassan haongei, neno lake ni lile la kumwita mama. Msomaji anafunzwa kungoja pamoja nao, kwenye foleni ya maji, mbele ya orodha ya mahojiano ya Umoja wa Mataifa, mwaka baada ya mwaka. Kisha vijana wanapata safari ya Marekani na michoro inakoma. Kwamba mama alikuwa hai na wakaonana, hilo tunalipata kwenye maelezo ya mwisho, kwa maandishi na picha za kamera, huko ambako watoto wengi hawafiki. Mwandishi aliyekopa subira ya mtoto kwa kitabu kizima anapaswa kumlipa ndani ya hadithi.

Watetezi watasema ndivyo ilivyotukia: ndugu hao walihamia Arizona mwaka 2009, na mama alipatikana baadaye. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu kitabu chenyewe kinaruka miaka kati ya sehemu na sehemu, na Omar anakua bila msomaji kupotea. Kama miaka iliruka kambini, ingeweza kuruka mara moja zaidi. Wengine watasema mwisho wa wazi unaheshimu maisha ya wanaongoja bado. Lakini mwisho huu hauko wazi hata kidogo: umefungwa na ndege. Nimeshaandika dhidi ya hadithi za wakimbizi zinazoifanya ndege kuwa wokovu, na narudia, hasa kwa wasomaji wa Kisauni, Mombasa, ambako Utange palikuwa na kambi ya Wasomali hadi ilipofungwa miaka ya 1990 na wengi wakapelekwa Dadaab na Kakuma. Kwa mtoto wa jamaa hizo, Marekani ni habari ya pembeni. Anachotaka kujua ni kama watu hupatikana.

Mengine ni kazi safi: mlezi Fatuma, uamuzi wa Omar kwenda shule, rafiki yake Maryam kuozwa mapema, rangi za Iman Geddy.

Edwidge Danticat, Mhaiti aliyehamia Marekani akiwa na miaka 12, alijua zamani kwamba kuonana kwa waliotengana ni sehemu ya hadithi yenyewe. Katika Behind the Mountains, ya 2002, Celiane anamkuta baba yake Brooklyn kitabu kikiwa bado kinaendelea, na papo hapo taabu ya kweli inaanza: kaka yake Moy anataka kuwa mchoraji, baba hataki, nyumba inagawanyika. Ken Walibora naye, katika Siku Njema ya 1996, hakumwacha Msanifu Kombo amtafute baba kutoka Tanga hadi Kenya halafu jibu akalitia kwenye kiambatisho. Kuonana kwa waliotengana si zawadi ya kufungia kitabu. Kuna aibu, lawama, na ugeni wa mama mbele ya watoto waliolelewa na mwingine. Jamieson, aliyechora uso wa Fatuma kwa huruma ile, alikuwa na mkono wa kuyachora hayo yote, na Omar alikuwa nayo ya kusimulia.