Neno la Mwisho Lisilokuwamo: Amri za Kugawa Majedwali

Taarifa za vituo vya afya vya Kavumu, zikiisha kukusanywa katika zoni ya afya ya Miti-Murhesa, huingizwa kila mwezi katika DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Kongo imeufanya daftari la afya la taifa zima. Na kwa kuwa hesabu za miaka mingi zikirundikwa mahali pamoja humchelewesha kila azitafutaye, mfumo huo huzitenga katika majedwali ya uchanganuzi, mwaka mmoja jedwali moja, ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL.

Jinsi mgawanyo wa namna hiyo unavyoamrishwa ndiyo mas'ala yangu. Zamani PostgreSQL haikuwa na ibara mahsusi: fundi aliunda jedwali mzazi, akalizalia wana kwa urithi, akampa kila mwana sharti la kutaja mwaka wake, na aghalabu akaandika kwa mkono utaratibu wa kuupeleka kila mstari kwa mwana anayestahiki. Seva iliyasoma masharti hayo moja moja, pasina kujua kwamba wana hao ni mafungu ya kitu kimoja, wala haikupinga sharti la mmoja likivuka mpaka wa nduguye.

Amri mpya za kugawa, kazi ya mwanaprogramu Amit Langote, zilitoka na toleo la 10, Oktoba 2017. Hifadhidata ya Oracle ilikuwa imetangulia tangu 1997 kwa ibara ya VALUES LESS THAN, itajayo ukomo wa juu tu, mwanzo wa fungu ukiwa ndio mwisho wa lililotangulia. Hapo pengo haliwezekani. Lakini fungu halina maana mpaka ulijue jirani yake, na atakaye kuingiza jingine katikati hana budi kulipasua lililopo. PostgreSQL ikachagua kutaja mipaka yote miwili, FOR VALUES FROM na TO, na naliona chaguo hilo kuwa bora, kwani fungu lijielezalo lenyewe huweza kuandaliwa pembeni kama jedwali kamili, likajazwa, likakaguliwa, ndipo likaunganishwa kwa ATTACH PARTITION, au likatengwa kwa DETACH PARTITION bila kufuta hata mstari mmoja.

Amma neno TO, hapo nina ikhtilafu na wabunifu. Tukitangaza chanjo kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 5, mama atakayefika tarehe 5 na mtoto mgongoni hawezi kurudishwa. Katika amri hii angerudishwa, kwa sababu mwanzo umo na mwisho haumo. Kaida yenyewe ni njema: Februari huandikwa kutoka 2024-02-01 hadi 2024-03-01, na fundi haulizi kama mwezi una siku 28 au 29. Ila lafudhi haikulingana na maana. Rasimu za awali zilikuwa na maneno ya kubainisha kama ukomo umo au haumo, na nasikitika kuwa yaliachwa.

DHIS2, igawayo kwa mwaka mzima, haikutani na mtihani huu. Agawaye orodha ya wagonjwa kwa tarehe, akaandika hadi 2024-12-31, hapati onyo lolote. Kosa hudhihiri mgonjwa wa siku hiyo anapokosa fungu na mstari wake ukakataliwa. Na heri ukataliwe. Fungu la DEFAULT, la mistari isiyo na fungu lake, lililoletwa na toleo la 11 mwaka 2018, humpokea mgonjwa yule kimya, na siku fundi atakapounda fungu limstahikilo, seva hukataa hadi mstari huo uondolewe kwanza ulikohifadhiwa.