Fumbo na Utata: Maneno Mawili Yasiyopasa Kuchanganywa

Neno "fumbo" limezoea kubebeshwa mzigo usio wake. Kila usemi usioeleweka, uwe wa malenga au wa karani, huitwa fumbo. Matumizi hayo yanastahili kuhakikiwa, kwani yanaficha tofauti ambayo Kiswahili kimeihifadhi katika vitenzi vyake.

"Fumbo" latokana na "fumba", kama mtu afumbavyo jicho au mkono. Kinyume chake ni "fumbua". Kwa hiyo fumbo lina mfumbaji, lina kusudi, na lina njia ya kufumbuliwa. Utata ni jambo jingine. Uzi hutata hata pasipo kusudi la mtu, na kinyume chake ni "tatua". Malenga hufumba, mwandishi mzembe hutatiza. Na aandikaye kwa kificho ili msomaji asielewe kamwe, huyo afanya hila, kwa kuwa hakuacha ufunguo.

Methali "Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua" yaonyesha hatari ya kuyachanganya mambo haya. Ashindwaye na fumbo huhesabiwa mjinga. Basi mtu akiuita fumbo waraka asiouelewa, amekwisha kumsafisha aliyeuandika na kujihukumu mwenyewe.

Katika Taita Taveta suala hili si la wanaisimu peke yao. Mjini Voi, penye kituo cha reli ya Mombasa na Nairobi, Kiswahili huwakutanisha wasemao Kidawida, Kisagalla na Kitaveta pamoja na wageni wa kila namna. Umiliki wa ardhi umekuwa mgogoro wa miaka mingi huko, ilhali Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilitungwa kwa Kiingereza. Mzee wa Sagalla akikabidhiwa waraka wa shamba lake katika lugha hiyo, hukabiliwa na utata maradufu: lugha isiyo yake, na istilahi za mawakili. Hakufumbiwa, ametatizwa. Anachohitaji ni maelezo, si werevu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaelekea upande huo. Kifungu cha 7 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 50 humpa mshtakiwa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama. Hapo asiyeelewa hahesabiwi mjinga. Deni ni la wenye kusema.

Fumbo, basi, libaki kwa watunzi na wategaji wa vitendawili. Waraka usioeleweka uitwe wenye utata, na aliyeuandika autatue.