Onyo la Uongo Angani Abidjan

Abiria wa Bariadi anayetaka kupanda ndege huanza kwa basi: Lamadi, Magu, ndipo Mwanza. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, dereva anasogea pembeni, anafungua boneti, konda anatafuta maji. Rubani hana pembeni. Na akiruka Mwanza usiku kuelekea ziwani, mbele ya kioo chake ni giza tupu, au taa za wavuvi wa dagaa ambazo kwa mbali hazitofautiani na nyota. Macho hapo hayafai kitu. Kilichobaki ni saa na mishale iliyo mbele yake, pamoja na ving'ora.

Katika giza kama hilo Kenya Airways ilipoteza Airbus A310, safari namba 431, usiku wa Januari 30, 2000. Ndege iliruka Abidjan ikielekea Lagos na baadaye Nairobi, ikiwa na watu 179. Ilipoacha tu ardhi, kilisikika king'ora kinachosema kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Takribani sekunde 33 baada ya kuruka ilikuwa imeangukia baharini. Walipona 10.

Tume ya uchunguzi ya Ivory Coast ilihitimisha kwamba onyo lile halikuwa la kweli. Mabawa yalikuwa yanabeba vizuri. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha, aliitikia onyo kwa kuishusha pua ya ndege, na mwenzake hakumrekebisha kwa wakati.

Ni rahisi kumlaumu rubani msaidizi, lakini tazama alichofundishwa. Mabawa yakikaribia kuishiwa nguvu, dawa ni kushusha pua ili hewa ipite juu yake kama inavyotakiwa. Kila mwanafunzi wa urubani hulifanya zoezi hilo hadi mkono uende wenyewe. Tatizo ni kwamba zoezi hufanyika juu sana, mahali ambapo ndege inaweza kupoteza futi elfu moja bila kumdhuru mtu. Pale Abidjan futi za kupoteza hazikuwepo. Mkono ulitoa jibu sahihi la swali lingine.

Ndiyo maana kadi ya dharura ya ndege kama Airbus A320 inalitenga onyo hilo likitokea wakati wa kuruka na linapotokea angani. Wakati wa kuruka: injini nguvu zote, pua nyuzi 15 juu, mabawa sawasawa. Basi. Rubani haambiwi kwanza aamue kama onyo ni la kweli au la uongo, na huo ndio ufundi wa kadi yenyewe: hatua hizo tatu zinamfaa kwa vyovyote vile. Kama onyo ni la uongo, ndege inaendelea kupanda. Kama ni la kweli, nguvu za injini zinampa nafasi ya kujinasua. Kuchunguza ni baadaye.

Kuna jambo jingine katika ajali ile ambalo naona halisemwi vya kutosha. Rubani msaidizi aliagiza king'ora kinyamazishwe. Ombi hilo si kosa, maana kelele huziba akili. Lakini wakati linatolewa, ndege ilikuwa inashuka, na kipimo cha mwinuko kilikuwa mbele yao wote wawili. Ving'ora navyo vilizidiana: kile cha kwanza kilikuwa na kipaumbele, kikaufunika mtambo wa kuonya kwamba ardhi inakaribia. Onyo la uongo lilinyima nafasi onyo la kweli. Amri ya kapteni ya kupanda ilikuja mwishoni kabisa, maji yakiwa yameshafika.

Miaka tisa baadaye mambo yalikwenda kinyume. Juni 1, 2009, ndege ya Air France namba 447 ilikuwa juu ya Atlantiki, zaidi ya futi 35,000. King'ora kilekile kililia, safari hii kikisema kweli, na rubani akavuta pua juu. Walikufa watu wote 228. Aliyetakiwa kuacha pua juu aliishusha. Aliyetakiwa kuishusha aliivuta.

Marubani wengi siku hizi hulimaliza suala hili kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Wakiwa bado wanasubiri ruhusa, wanasemezana kwa sauti: nani anaendesha, nani anasoma kadi, na kwamba chini ya futi 400 hakuna atakayeshughulikia hitilafu. Hapo kati wataruhusu mambo machache tu, kama kukunja magurudumu na kunyamazisha king'ora, lakini jicho la anayeendesha halibanduki kwenye pua na mwendo. Mwenzake anataja anachokiona kwenye vipimo, hata kama anayeendesha anakiona pia.