Upindo Mpana

Ukitaka kumjua fundi wa nguo, usiangalie mbele ya shati. Ligeuze, uangalie ndani, kwenye mishono. Hivyo ndivyo Baba alivyotufundisha kupima kazi, hapa kartie ya Lumumba, mjini Bunia, ambako cherehani yake ilikaa barazani na miguu yake ikaikanyaga tangu asubuhi hadi giza kuingia.

Kila Agosti, kabla masomo hayajafunguliwa, wazazi walileta kitambaa cheupe cha shati na cha bluu cha suruali au sketi. Baba alimpima mtoto, kisha akaongeza. Chini ya suruali aliacha upindo wa vidole vinne, na kwenye mshono wa nyuma, pale kiunoni, akaficha kitambaa cha akiba. Mwaka uliofuata mtoto akiwa amerefuka, mama yake alifumua uzi, akateremsha upindo, na sare ikaendelea. Shati lililochakaa shingoni Baba alilibandua kola, akaigeuza upande wa ndani uje nje, akaishona tena. Mwalimu akaingia darasani na shati lenye kola mpya. Kwa mkono wake mwenyewe Baba alikuwa akijipunguzia kazi ya kesho, na alijua. Alisema mteja anayerudi kwa imani ni bora kuliko anayerudi kwa shida.

Kazi ya Mama ilianza pale cherehani ilipoishia. Alikunja pindo za magauni kwa sindano ya mkono, mishono midogo isiyoonekana nje. Akishona kifungo cha koti, hakukibana kwenye kitambaa. Aliuzungusha uzi chini yake mara kadhaa hadi kikapata shingo, ili koti likifungwa lisijikunje. Kisha akaipepea pasi ya makaa, akaijaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu, majivu yasije yakachafua shati jeupe la mtu. Hawakuongea sana wakiwa kazini. Baba alinyoosha mkono, na Mama alijua ni mkasi anataka au ni chaki.

Historia ya nchi yetu, Kongo, ilipita juu ya meza yao. Baba alijifunza kazi enzi ya Mobutu, suti na tai zikiwa zimepigwa marufuku na wanaume wakivaa abakosti, koti la kuvaliwa bila tai. Tarehe 24 Aprili 1990 tai iliporuhusiwa tena, ilimbidi ajifunze upya kukata kola za suti. Na kila Machi ilipokaribia, akina mama walikuja na vikwembe vya sikukuu yao ya tarehe 8, kila mmoja akitaka mtindo wake, nasi tukalala tukisikia cherehani.

Mei 2003 jeshi la Uganda liliondoka, na wanamgambo wakaupigania mji. Familia nyingi zilikimbilia karibu na uwanja wa ndege, nyingine zikashika njia ya Beni kwa miguu. Baba alifungua kichwa cha cherehani, akaacha kiti na meza, na Mama akakifunga kichwa hicho ndani ya blanketi. Nasi tukakimbia; vyombo vya nyumbani vilibaki. Tulikofikia, watu walileta nguo zilizochanika njiani, wakalipa kwa mihogo na maharage. Hapo nilielewa kwamba ufundi ni mali inayokimbia pamoja na mwenyewe.

Leo mitumba imejaa sokoni, na wengi huona suruali ya kununua ni nafuu kuliko ya kushonesha. Siwalaumu, pesa ni ngumu. Lakini nguo iliyoshonwa kiwandani haimjui mtoto atakayeivaa, wala haimwekei akiba ya kurefuka. Wazazi wangu waliwafikiria watoto wa wenzao hadi mwaka ujao, wakayashonea mawazo hayo mahali ambapo hakuna anayesifia. Kwangu huo ndio upendo uliokamilika: haupigi kelele, na siku unapohitajika, upo.

Kwa hiyo, msomaji, mpelekee fundi wa mtaa wenu walau nguo moja mwaka huu. Mwombe aache upindo, na umlipe bila kumsumbua. Na kama mzazi wako ana ufundi wowote, wa sindano, wa randa au wa chungu, keti kando yake angali hai, umwombe akufundishe.