King Julien na Komba wa Matogoro

Muulize kijana yeyote wa Songea lemuri ni mnyama gani, atakutajia King Julien. Simlaumu. Madagascar, katuni ya DreamWorks ya mwaka 2005, imepigwa kwenye vibanda umiza mpaka diski zikakwaruzika, na kwa wengi wetu ndiyo somo pekee la lemuri tulilowahi kupata. Basi tuipime kama somo.

Vichekesho inaviweza. Baiolojia, hapana. Julien ni lemuri mwenye mkia wa mistari, dume, na anatawala kila mtu. Kwenye kundi halisi la lemuri hao wenye amri ni majike. Jike akilitaka tunda, dume analiachia. Mshauri wake Maurice ni aye-aye, na yule kadogo mwenye macho makubwa, Mort, ni lemuri-panya. Hao wawili ni wanyama wa usiku na kila mmoja hutafuta chakula kivyake, wakati wa mkia wa mistari hutembea zaidi mchana. Sinema imewakusanya wote kwenye disko moja! Hata fosa, mwindaji wao, anakuja genge zima, ilhali porini mara nyingi huwinda peke yake.

Haya ningeyasamehe, katuni ni katuni. Hasara ninayoiona ni nyingine: ukitoka pale kibandani unaamini lemuri ni kitu cha kisiwani, chenye rangi za kung'aa, na kwamba kwetu hakuna kinachofanana nacho. Msimulizi mmoja hapa mjini alimwita Julien "paka mwenye mkia wa pundamilia". Watu walicheka, ila neno alilolihitaji lilikuwa mdomoni mwake siku zote: komba. Na Songea hii, ambako darasa lolote lina akina Komba wawili watatu, angeeleweka mpaka benchi la nyuma.

Sisemi komba ni lemuri. Ni binamu. Wote wana pua yenye unyevu, meno ya mbele ya chini yaliyobanana kama kitana cha kuchania manyoya, na utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kama kioo. Wanasayansi wengi wanakubali kwamba mababu wa lemuri walivuka kutoka bara letu mamilioni ya miaka iliyopita, wakielea juu ya magogo na majani. Hawa wa kwetu ndio ukoo uliobaki.

Kwa hiyo huhitaji nauli ya Antananarivo ili uanze. (Ukiipata, nenda Andasibe ukawasikilize indri, au Anja kwa wale wa mkia wa mistari.) Anzia miombo ya kuelekea milima ya Matogoro, kunakochimbukia mto Ruvuma. Msitu wa hifadhi unaingiwa kwa ruhusa, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya misitu, na usiende peke yako.

Hapo ndipo katuni inapokuangusha kabisa, maana imekuzoesha kutazama tu, na komba anatafutwa kwa sikio. Giza likishaingia, zima kila kitu, nyamaza robo saa. Komba mkubwa analia kama mtoto mchanga. Kuna wanaofunga madirisha wakidhani ni uchawi. Wataalamu nao hutenganisha spishi kwa milio, kwa sababu kwa umbo komba wadogo wanafanana mno. Komba wa Rondo, wa misitu ya Lindi na ya pwani, alitambuliwa kuwa spishi yake mwenyewe miaka ya 1990, na mlio wake ulichangia sana. Muongo uliofuata tayari alikuwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya kima na nyani walio hatarini zaidi duniani, kwa sababu vipande vya msitu anavyoishi vinaishia kwenye mbao na mkaa. Lemuri hali ni hiyohiyo: mwaka 2020 spishi 103 kati ya 107 zilihesabiwa kuwa hatarini. Ila komba wa Rondo hajapata katuni.

Ukisikia mlio, washa tochi uliyoifunika kwa plastiki nyekundu, uishike usawa wa macho yako. Tafuta nukta mbili za rangi ya makaa juu matawini, zikizimika hapa na kuwaka mti wa pili. Zikiwa chini kwenye majani na zinatembea taratibu, huyo ni fungo. Mwache apite, uendelee kusikiliza.