Upana Wenye Hesabu

Wengi hudhani kanzu ni nguo isiyomsumbua fundi. Haina kiuno cha kupimwa wala mshipi, na kwa kuwa ni pana, mnene na mwembamba wote wanaingia. Wakae kidogo na mafundi cherehani wa Ifakara siku za kuelekea Idi, watabadili kauli. Nguo ya kubana hushikwa na mwili mzima. Kanzu hushikwa na mabega tu, na kosa la nusu inchi pale juu hushuka mpaka kwenye pindo.

Fundi hodari, kabla ya kugusa mkasi, humtazama mteja anavyosimama. Mwenye kitambi kanzu humpanda mbele, kwa hiyo badani ya mbele hukatwa ndefu kidogo kuliko ya nyuma. Mzee aliyeinama mgongo hukatiwa kinyume chake. Upana wenyewe hutafutwa ubavuni, kwenye taharizi, vipande vinavyoanza vyembamba juu na kutanuka kuelekea chini. Kwa hivyo kifua hukaa sawa, nayo miguu ikapata nafasi ya kutembea na, katika mji wa baiskeli kama Ifakara, ya kuendesha. Chini ya mkono hutiwa kikwapa, kipande kidogo asichokiona mtu. Kikikosewa, mvaaji akiinua mkono kanzu nzima hupanda naye. Urefu hukomea juu kidogo ya kifundo cha mguu; tope la masika halina heshima kwa kitambaa cheupe.

Bonde la Kilombero, Ifakara ilipo, lina joto na unyevu, na hapo ndipo kitambaa hujulikana. Poliesta hung'aa dukani na haijikunji, lakini Ijumaa saa saba mchana hunata mgongoni. Pamba hupitisha hewa, ila hujikunja na kurudi. Fundi makini huiloweka na kuianika kabla ya kuikata. Mchanganyiko wa hizo mbili hupunguza kero za kila moja. Kibane kitambaa kiganjani, kisha ukiachie uone mikunjo inavyobaki. Kinyanyue juani: vidole vikionekana upande wa pili, jua utahitaji saruni ya kusitiri ndani.

Kiwango cha urasmi hukaa kwenye mambo madogo. Kanzu nyeupe yenye darizi nyembamba ya uzi wa rangi ileile kwenye kaba huenda msikitini, mazishini na barazani bila kuuliza njia. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huipandisha daraja. Koti juu yake huifikisha harusini, kama wafanyavyo Waganda, ambao kanzu iliwafikia kupitia wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Joho aachiwe bwana harusi. Darizi ikizidi, nguo hubaki ya sherehe moja.

Kwa hiyo usihukumu kanzu ukiwa umesimama wima mbele ya kioo. Inua mikono miwili, kisha iname kama unayerukuu. Kama shingo haikukukaba, mgongo haukuvutwa, na ulipoinuka pindo limerudi mahali pake lenyewe, mlipe fundi bei aliyoitaja. Usimwombe apunguze.